Baa Zilipofungwa kwa Sababu ya Korona, Nani Alistahili Msaada wa Serikali?

Jumapili tarehe 22 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kwamba baa zote nchini zifungwe kuanzia saa sita usiku. Shangazi yangu ana baa ndogo ya meza nane huko Thika, na Ijumaa yake alikuwa amepokea mzigo mpya wa bia. Jumatatu asubuhi akanipigia simu. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya vyuo kufungwa, na kwa sababu nilikuwa nikisomea mambo ya biashara, maswali yote ya pesa katika familia yalikuwa yanaletwa kwangu.

"Mwanangu," akasema, "serikali imetufunga. Je, serikali itatulipa?"

Sikuwa na jibu. Tulilitafuta pamoja kwa wiki kadhaa, yeye akiwa na mafaili yake ya karatasi, mimi nikiwa na simu. Leo kazi yangu ni kuelimisha wateja wanaolipa na kulipwa kwa simu, na swali hilo bado linatufikia kutoka kwa wenye baa, wenye vilabu na hata wenye mikahawa. Wengi wanataka kujua kama walipitwa na kitu. Wengine wanataka kujua wafanye nini ili shida nyingine ikija wasikose tena. Wacha tulijibu polepole.

Jibu fupi kwanza

Hatua kubwa za kuinua uchumi zilitangazwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 25 Machi na 23 Mei 2020. Ukizisoma zote, hutapata ruzuku iliyotengwa kwa ajili ya baa. Kwa hivyo kama ulikuwa na baa na hukupata hundi wala ujumbe wa pesa kutoka serikali kuu, hukupitwa na foleni. Foleni ya baa haikuwepo.

Kilichokuwepo ni nafuu za jumla: kwenye mikopo, ushuru, mishahara na ada za kutuma pesa. Baa ingeweza kuingia kwenye baadhi ya nafuu hizo kama ilitimiza masharti. Na karibu kila sharti lilitaka uthibitisho ulioandikwa, wenye tarehe ya kabla ya shida kuanza. Hapo ndipo wengi tulikwama.

Baa zilifungwa lini na kwa muda gani?

Tukumbushane kwanza, kwa sababu siku hizi watu huchanganya tarehe.

- 22 Machi 2020: baa zaamriwa kufungwa. Mikahawa yaachiwa chakula cha kubeba pekee.
- 27 Machi 2020: kafyu yaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.
- 27 Julai 2020: mikahawa nayo yakatazwa kuuza pombe kwa siku 30. Baa zaendelea kufungwa, na mwezi Agosti zaongezewa siku 30 nyingine.
- 28 Septemba 2020: baa zaruhusiwa kufunguliwa tena, mwisho saa nne usiku.
- 4 Novemba 2020: muda wa kufunga warudishwa hadi saa tatu usiku.
- 26 Machi 2021: baa za Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zafungwa tena.
- 1 Mei 2021: zafunguliwa, lakini mwisho saa moja jioni.
- 20 Oktoba 2021: kafyu yaondolewa kabisa.

Piga hesabu. Ile mara ya kwanza ni zaidi ya miezi sita bila kuuza hata chupa moja. Thika iko Kaunti ya Kiambu, kwa hivyo shangazi alifunga mara mbili. Na hata ule mwezi wa Mei 2021 haukuwa na raha. Kwa sheria ya pombe ya mwaka 2010, baa ya kawaida hufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi. Ukifungua saa kumi na moja na kufunga saa moja, umeuza kwa saa mbili tu. Kodi ya nyumba haijui hayo, inakuja nzima.

Mlango wa kwanza: mkopo uliokuwa nao tayari

Tarehe 18 Machi 2020, Benki Kuu ya Kenya ilisema kwamba mtu mwenye mkopo wa benki na ambaye ameathiriwa na korona anaweza kuomba mkopo huo upangwe upya. Sharti kubwa lilikuwa kwamba mkopo uwe ulikuwa unalipwa vizuri kufikia tarehe 2 Machi 2020. Mkopo wa mtu binafsi ungeweza kuongezewa muda wa hadi mwaka mmoja. Biashara ndogo na kampuni ziliambiwa ziende zikazungumze na benki zao, kila moja iangaliwe kivyake. Gharama za kupanga upya zilibebwa na benki zenyewe. Mpango huo ulifika mwisho tarehe 2 Machi 2021.

Hapa baa haikubaguliwa. Benki haikuuliza kama unauza bia au unauza unga, iliuliza kama ulikuwa unalipa. Shangazi alikuwa na mkopo wa friji na viti, na hakuwa amekosa hata mwezi mmoja. Alipewa nafasi ya kupumua. Lakini tuelewane: kuongezewa muda si kusamehewa. Deni lilibaki pale pale, na yeye alijua hivyo.

Kulikuwa pia na nafuu ya CRB. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, kwa miezi sita, mtu au biashara ambayo mkopo wake ulianza kuchelewa wakati huo haikupelekwa CRB. Mwezi huo huo, kampuni za mikopo ya simu ambazo hazikuwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu zilizuiwa kupeleka majina CRB, na deni lililo chini ya shilingi 1,000 likaacha kuwa sababu ya kuorodheshwa.

Mlango wa pili: ushuru

Hapa ndipo serikali ilipunguza vitu vingi. VAT ilishuka kutoka 16% hadi 14% kuanzia tarehe 1 Aprili 2020. Ushuru wa mapato ya kampuni ulishuka kutoka 30% hadi 25%. Ushuru wa mauzo, ule ambao KRA huuita TOT, ulishuka kutoka 3% hadi 1%, na ukawahusu wenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 50 kwa mwaka.

Tuchukue mfano. Baa inauza shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa 3%, TOT ni shilingi 9,000. Kwa 1%, ni shilingi 3,000. Umeokoa 6,000, na hizo zinalipa stima. Ni pesa.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa baa iliyofungwa. Mauzo ni sifuri. Asilimia 3 ya sifuri ni sifuri, asilimia 1 ya sifuri ni sifuri. Nafuu ya ushuru humsaidia anayeendelea kuuza. Duka la jumla lililobaki wazi liliisikia nafuu hiyo mwezi wa kwanza. Baa iliisikia baada ya kufunguliwa Septemba. Vivyo hivyo kwa ushuru wa kampuni: kama hukupata faida, kupunguziwa ushuru wa faida hakukusaidii.

VAT, kiwango cha juu cha PAYE na ushuru wa kampuni vilirudi kwenye viwango vya zamani tarehe 1 Januari 2021, miezi mitatu tu baada ya baa kufunguliwa. TOT ndiyo iliyokaa chini muda mrefu zaidi. Ilibaki 1% hadi Julai 2023, iliporudishwa 3% na kiwango cha juu cha mauzo kikawa milioni 25 kwa mwaka. Kwa hivyo mwenye baa aliyekuwa amejiandikisha TOT alifaidika kwa takriban miaka miwili na zaidi. Ambaye hakuwa amejiandikisha hakuwa na cha kupunguziwa.

Pia serikali ilitenga shilingi bilioni 10 kuharakisha marejesho ya VAT, na pesa nyingine za kulipa wafanyabiashara waliokuwa wanaidai serikali. Baa ya mtaani kwa kawaida haiidai serikali chochote, na mara nyingi haina VAT ya kurudishiwa. Mlango huo ulikuwa wazi, ila haukuwa wa kwetu.

Mlango wa tatu: mikopo nafuu na dhamana

Katika mpango wa shilingi bilioni 53.7 uliotangazwa Mei 2020, kulikuwa na mambo mawili ambayo wenye baa waliyatolea macho.

La kwanza ni shilingi bilioni 2 za mikopo nafuu kupitia Shirika la Fedha za Utalii, linalojulikana kama TFC. Maneno yaliyotumika yalikuwa hoteli na biashara zinazohusiana nazo, kwa ajili ya kukarabati majengo na kuipanga biashara upya. Hoteli yenye vyumba na baa ndani ilikuwa na hoja ya kutoa hapo. Baa ya meza nane, isiyo na jikoni wala wageni wa kulala, ilikuwa na kazi ngumu ya kueleza uhusiano wake na utalii. Na bado huo ungekuwa mkopo, pesa za kurudisha.

La pili ni shilingi bilioni 3 za kuanzisha mfuko wa dhamana ya mikopo kwa biashara ndogo na za kati. Desemba 2020, benki saba zilitia saini kushiriki. Serikali ilikubali kubeba 25% ya hasara endapo mkopo hautalipwa. Wengi walidhani ni pesa za kwenda kuchukua kaunta. Sivyo. Benki ndiyo iliyokuwa inakuchunguza, benki ndiyo iliyoamua, na 75% ya hatari ilibaki mikononi mwake. Kwa hivyo iliangalia yale yale inayoangalia kila siku: pesa zinaingia vipi kwenye akaunti yako, na zinaingia kila mwezi au mara moja moja?

Ukiangalia tarehe utaona pia kwamba dhamana hiyo ilikuja wakati baa zilikuwa tayari zimefunguliwa.

Mlango wa nne: wafanyakazi wako

Kuanzia Aprili 2020, mfanyakazi anayelipwa mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi aliacha kukatwa PAYE. Nafuu hiyo ilimfikia mhudumu aliyekuwa kwenye orodha rasmi ya mishahara. Mhudumu anayelipwa keshi kila Jumamosi hakuwa anakatwa PAYE, kwa hivyo hakuongezewa kitu.

Hakukuwa na mpango wa serikali wa kuwalipa mishahara wafanyakazi wa baa zilizofungwa. Baadhi ya familia za mitaa ya mabanda zilipokea shilingi 1,000 kwa wiki kupitia simu, na vijana wa mitaa hiyo wakapata kazi ya usafi kwenye Kazi Mtaani. Lakini hizo zilikuwa za familia na vijana wa maeneo yaliyochaguliwa. Kufanya kazi kwenye baa iliyofungwa hakukuwa sababu ya kuingizwa.

Shangazi alikuwa na wafanyakazi wanne. Wawili walirudi kwao Murang'a mwezi wa Mei. Mmoja hakurudi tena.

Mlango wa tano: ada za kutuma pesa

Huu kila mmoja wetu aliupitia. Kuanzia katikati ya Machi 2020, kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 kwa simu kulikuwa bure. Kiwango cha kutuma kwa mara moja kilipandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 150,000, na kiasi kinachoweza kukaa kwenye laini kikapanda hadi 300,000. Ule ubure ulikwisha tarehe 31 Desemba 2020.

Huu ndio msaada pekee ambao haukuhitaji kujaza fomu. Ila ulileta mazoea mabaya. Kwa sababu kumtumia mtu shilingi 1,000 kulikuwa bure, wateja wengi walianza kulipa kwenye laini ya mwenye biashara badala ya nambari ya till. Pesa ziliingia, lakini ziliingia kama zawadi ya shemeji. Tutarudi hapo.

Wenzetu Uingereza waliulizwa maswali gani?

Watu hupenda kulinganisha, wanasema "Uingereza baa zililipwa". Ni kweli, nyingi zililipwa. Lakini hata kule, baa moja ilipata na jirani yake ikakosa, na kilichozitenganisha ni mambo ambayo hata sisi yanatuhusu. Baa za huko zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, siku mbili kabla ya zetu.

Swali la kwanza lilikuwa: jengo lako limeandikishwa kwa thamani gani? Kule England kila jengo la biashara lina makadirio rasmi ya kodi ambayo lingeleta kwa mwaka. Baa yenye makadirio yasiyozidi pauni 15,000 ilistahili ruzuku ya pauni 10,000. Iliyo juu ya hapo lakini chini ya pauni 51,000 ilistahili pauni 25,000. Iliyofika 51,000 haikupata chochote kwenye ruzuku hiyo, ingawa baa zote zilisamehewa kodi ya majengo ya biashara kwa mwaka mzima. Kuna wenye baa waliokosa pauni 25,000 kwa tofauti ndogo tu ya makadirio.

Swali la pili: wafanyakazi wako wako kwenye orodha? Serikali ililipa 80% ya mshahara wa mfanyakazi aliyeachwa nyumbani, isizidi pauni 2,500 kwa mwezi. Lakini jina lake lilitakiwa liwe limeshapelekwa kwa mamlaka ya ushuru kupitia orodha ya mishahara kufikia tarehe 19 Machi 2020. Uliyemwajiri na hukumwandikisha, huyo hakuhesabiwa.

Swali la tatu ndilo linalonivutia zaidi: unauza nini hasa, chakula au kinywaji? Julai 2020, VAT ya mikahawa na baa ilishushwa hadi 5%, lakini kwa chakula na vinywaji visivyo na kileo. Agosti, serikali ililipia nusu ya bei ya chakula, hadi pauni 10 kwa mtu, kuanzia Jumatatu hadi Jumatano. Pombe iliachwa nje. Kwa hivyo baa za kinywaji pekee ziliangalia tu wenzao wakijaza viti. Desemba mambo yakageuka: zikatengewa pauni 1,000 za Krismasi kwenye maeneo yaliyokuwa na vikwazo vikali, na mwenye baa alitakiwa kuonyesha kwamba chakula kilimletea chini ya nusu ya mapato yake.

Hebu fikiria kama sharti hilo lingeletwa Kenya kesho. Ungeweza kuonyesha ni kiasi gani cha mauzo yako ni nyama choma, na kiasi gani ni bia?

Shangazi alikwama wapi?

Baa ilipofunguliwa Septemba, shangazi alihitaji pesa za kuanzia upya. Leseni, stoki, rangi ya ukuta, maji ya kunawa mlangoni. Akaenda benki kuomba mkopo mdogo. Yule ofisa alimsikiliza vizuri, kisha akamwomba stetimenti ya biashara ya miezi 12.

Tukakaa mezani kuitoa. Nambari ya till alikuwa nayo, lakini ilipokea sehemu ndogo tu ya mauzo. Pesa nyingi zilikuwa zimeingia kwenye laini yake ya kawaida, na laini hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ya chama, ya karo ya mtoto wa dada, ya michango ya matanga na ya kumtumia mama mboga. Keshi nyingine ilitoka kwenye droo ikaenda moja kwa moja kwa msambazaji wa bia. Ukisoma till pekee, ungedhani ile ni biashara ya soda.

Yeye alijua anauza. Mtaa wote ulijua anauza. Benki iliona kile kilichoandikwa tu, na ombi likakataliwa. Aliuza friji moja kati ya mbili ili afungue.

Sitaki kukudanganya kwamba stetimenti safi ingemletea ruzuku. Tumeshaona ruzuku haikuwepo. Ila kwenye ule mlango uliokuwa wazi, alikataliwa kwa sababu ya rekodi, na rekodi ni kitu kilichokuwa mikononi mwake.

Ufanye nini sasa, wakati hakuna shida?

1. Pokea malipo yote ya biashara kwenye nambari ya till. Weka kibandiko kaunta na kila meza. Mteja akisema "nitume kwa laini yako", mwambie kwa upole atumie till. Ukikubali laini mara moja, kesho atarudia.

2. Keshi nayo iandikwe. Kila usiku, kabla ya kufunga, hesabu keshi ya siku na uiweke kwenye akaunti ya biashara kabla ya kuitumia. Hata kama asubuhi utaitoa kumlipa msambazaji, iwe imeonekana ikiingia na ikitoka.

3. Jilipe mshahara. Chagua siku moja kwa wiki, toa kiasi kimoja kutoka kwa biashara kwenda kwa laini yako. Karo na chama vitoke kwenye laini yako. Hapo pesa za nyumbani na za biashara hazitachanganyika tena.

4. Tenganisha chakula na kinywaji. Kama una jikoni, unaweza kuomba nambari ya pili ya till kwa ajili ya chakula. Kama hutaki nambari mbili, daftari la mistari miwili kila siku linatosha: chakula kiasi hiki, vinywaji kiasi hiki.

5. Lipa wafanyakazi kwa simu, tarehe ileile kila mwezi, na uwaandikishe inavyotakiwa. Kumbuka Uingereza: anayestahili ni yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye orodha kabla ya tangazo.

6. Peleka ritani za KRA hata mwezi ambao hukuuza. TOT hupelekwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi wa sifuri pia unapelekwa, kama sifuri.

7. Weka leseni pamoja. Leseni ya pombe hutolewa na kaunti, na kibali cha biashara pia. Piga picha zote mbili na risiti zake, uzihifadhi kwenye simu na mahali pengine nje ya simu. Hakikisha jina lililo kwenye leseni linafanana na lile la till na la KRA. "Thika Road Pub" na "Thikaroad Pub and Butchery" ni biashara mbili tofauti machoni pa mtu asiyekujua.

8. Toa stetimenti kila baada ya miezi mitatu na uihifadhi. Usingoje siku ya kuombwa.

Jihadhari na matapeli

Wakati wa korona, jumbe nyingi za uongo zilizunguka: "Umechaguliwa kupokea pesa za msaada, tuma ada ya usajili." Tangazo lolote la msaada likitoka, jumbe za aina hii hufuata nyuma. Msaada wa kweli hautakuomba PIN yako ya pesa, na hautakuomba utume pesa ili upokee pesa. Ukipokea ujumbe kama huo, usibonyeze kiungo chochote. Tafuta tangazo lenyewe kwenye gazeti au kwenye ofisi ya kaunti yako, kisha uamue.

Maswali mnayotuuliza mara kwa mara

*Je, ningebadilisha baa kuwa mkahawa ningestahili?*
Wengine walijaribu, na kwa miezi kadhaa iliwasaidia kuuza. Kisha tarehe 27 Julai 2020 mikahawa nayo ikakatazwa kuuza pombe. Kama unataka kuuza chakula, fanya hivyo kwa sababu kuna wateja wa chakula, na uwe na leseni yake.

*Naweza kudai fidia sasa kwa ile miezi sita?*
Nafuu nyingi tulizozitaja zilikuwa na tarehe ya mwisho, na kwa yale yaliyohusu korona tarehe hizo zimepita. Kama una deni la benki lililobaki tangu wakati huo, nenda uzungumze nao. Mazungumzo ya kupanga mkopo upya bado yapo, kwa masharti ya benki yenyewe.

*Biashara yangu ni ndogo sana, mauzo hayafiki milioni 1 kwa mwaka. Rekodi za nini?*
TOT haitakuhusu, lakini mkopo utakuhusu. Anayekukopesha hataki biashara kubwa, anataka kuona biashara inayoonekana.

*Nikipokea kila kitu kwa till, si KRA itaniona?*
Hili tunaulizwa kwa sauti ya chini. Ndiyo, pesa zilizoandikwa zinaonekana, na ushuru wa mauzo unadaiwa uwe umeandika au hukuandika. Piga hesabu ya pande zote mbili. Kwa mauzo ya 300,000 kwa mwezi, TOT ya 3% ni 9,000. Upande wa pili weka mkopo uliokosa mwaka ule ulipouhitaji sana. Shangazi ameshapiga hesabu hiyo, na aliuza friji.

Kwa kumalizia

Baa ya shangazi bado iko wazi. Ana friji mbili tena, na till imebandikwa hadi kwenye mlango wa choo. Kila Jumatatu huniletea picha ya daftari lake kwenye simu, mistari miwili kwa kila siku, chakula na vinywaji, hata kama chakula chenyewe ni mayai ya kuchemsha na smokie.

Mwaka jana alirudi benki ile ile na stetimenti ya miezi 12. Aliomba kiasi kidogo kuliko kile cha 2020, wakampa. Aliponipigia kunieleza, hakusema mengi. Aliniuliza tu kama na wewe msomaji umeshaambiwa.

Sasa umeambiwa.